Posho ya Mke wa Mgambo

Kambini, Kagera
10 Desemba 1978

Mke wangu Mosi binti Sadallah,

Kabla ya yote pokea salamu, wewe na Miza wetu. Mama mpe shikamoo yangu, na kaka Dadi vivyo hivyo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi moshi unatoka kinywani kama tumemeza jiko, na ndizi tunakula mchana na jioni mpaka nimesahau wali una rangi gani.

Unakumbuka zile Jumamosi ulizokuwa ukinicheka, nikirudi kutoka kiwanjani nimejaa vumbi, bunduki ya mti begani? Sasa nimepewa ya chuma, na hakuna anayecheka. Nipo na Bwanausi, yule mkwezi wa Mlingotini. Tunalala handaki moja, na hata kukoroma anakoroma kwa Kikwere.

Sasa la mshahara, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Sisi mgambo si askari wa kudumu. Serikali inatupa sare, chakula na posho ndogo ya sabuni na sigara. Mshahara tumeambiwa utoke kwa tajiri wa kila mtu, kana kwamba mtu yupo kazini. Bwana Nasor alinipa mkono mbele ya watu siku ile tunapanda lori: nusu ya mshahara wangu wa kutunza milango ya maji kwenye mabwawa yake ya chumvi italipwa kila mwisho wa mwezi mpaka nirudi. Kaka Dadi ataipokea na kukuletea. Usiende mwenyewe kule mabwawani. Jua ni kali, na wale vibarua midomo yao haina breki.

Mwenzangu Bwanausi hana tajiri. Minazi haitoi nusu mshahara, kwa hiyo mkewe Tatu anaishi kwa kusuka makuti. Ukimwona sokoni mwamkie vizuri.

Kuna neno nimeliacha kwa kaka Dadi na mama kabla sijaondoka. Si neno la kukusumbua wewe. Mambo ya kiume tu, ya safari.

Nibusie Miza.

Mumeo,
Kitwana Mwishehe


Bagamoyo
27 Desemba 1978

Baba Miza,

Salamu utazikuta chini, nikibakiwa na nafasi. Kwanza nataka unijibu.

Juzi mama alikuwa akichambua mchele. Akasema taratibu, kama anayetaja bei ya dagaa, "Barua ya Kitwana imekuja mapema, mwezi umeandama mmoja tu." Nikamuuliza mwezi una nini na barua. Akashika mdomo. Nikauweka ungo pembeni, nikamwambia, "Mama, leo hatupiki mpaka uniambie." Miza akalia njaa, na mama akasema.

Kumbe siku ile ya lori, mimi nipo jikoni nakufungia mkate wa kumimina, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na mama yako na kaka yako, unasema: "Muda wote niwapo vitani, mwezi ukiandama mara mbili na hamjapata neno langu, Mosi ameachika." Kisha ukaja ukachukua mkate wangu, ukaniambia, "Umenukia iliki."

Kitwana, mimi nimekukosea nini? Mambo ya kiume, unasema. Talaka ni yangu, halafu ni mambo ya kiume!

Nimekwenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Nimekaa nyuma ya pazia, nimemweleza yote. Amesema neno la namna hiyo ukishalitamka huwezi kulifuta, hata ukijuta. Linangoja tu, litimie au lisitimie. Kila neno lako likitufika, hesabu inaanza upya. Siku utakayorudi na kuvuka kizingiti, limekufa. Basi mimi sasa ni mke wa kuazimwa, mwezi kwa mwezi.

Na kaka yako siku hizi hanitazami usoni. Ameleta hela za Novemba, akaziweka mkekani, akaondoka hata kahawa hajanywa. Bwana Nasor amemwambia kwamba nusu mshahara ni ya mke wa mfanyakazi; mke asipokuwapo, itakwenda kwa mama wa mfanyakazi, yaani itapita mikononi mwa Dadi na kukaa humo humo. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba naona.

Andika. Kama huna la kuandika, andika kwamba huna la kuandika. Andika hata kunitukana. Lakini andika.

Salamu ni hizo. Miza amejifunza kusema "bunduki" na anamwambia kila mtu.

Mkeo, mpaka sasa,
Mosi


Kambini, Kagera
8 Januari 1979

Mke wangu, mpaka sasa na mpaka kesho,

Nimesoma barua yako mara nne, na kila mara masikio yameniwaka. Una haki. Nilipaswa kukwambia. Niliogopa macho yako.

Sasa nisikilize. Baba yangu aliondoka na chombo kwenda Pemba mimi nikiwa sijaota meno ya pili. Hakurudi, wala hakikuonekana hata kipande cha ubao. Wazee wetu, kila mwenye safari ndefu alikuwa akimwachia ndugu yake neno kama lile, ili mkewe asije akafungwa na mtu ambaye hajulikani yuko juu ya maji au chini. Baba alisahau, au alijiamini mno. Mama akakaa miaka saba. Kwenye harusi walikuwa hawajui wamkalishe na wake za watu au na wajane. Mimi nilikuwa namwona anavyosita mlangoni. Nikaapa moyoni kwamba mke wangu hatasita hivyo.

Ndiyo sababu yangu. Sikutaka kukuacha, nilitaka usifungwe. Kama nimekosea, nimekosea kwa kukupenda.

Kaka Dadi usimwekee kinyongo. Ni mzito wa maneno tangu utoto. Mimi niliyetumbukia kisimani mara tatu, yeye ndiye aliyenitoa mara zote tatu, na hakusema neno hata mara moja.

Nitaandika kila Ijumaa. Miezi itaandama mpaka ichoke. Kesho tunasogea mbele, kwa hiyo ukiona barua imechelewa, laumu barabara, maana matope ya huku yanameza lori mpaka mlangoni.

Mwambie Miza bunduki ni nzito na haina maana. Aseme "chumvi".

Mumeo,
Kitwana


Hospitali, Mwanza
4 Februari 1979

Ndugu yangu Bwanausi,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Bwana Hamoudi wa kitanda cha jirani, mtu wa Pangani, mguu wake umefungwa plasta lakini mikono anayo yote miwili. Mimi nasema, yeye anaandika.

Ule mkono wangu ulioufunga kwa shati lako siku ya lile bomu la ardhini, wameukata. Wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Daktari anasema kama si shati lako nisingefika hapa. Asante, ndugu yangu. Shati nitakulipa.

Nina ombi, na ombi hili nataka uniapie. Usiandike nyumbani. Usimwandikie mkeo Tatu habari zangu, maana Mlingotini na Bagamoyo ni pua na mdomo. Wewe unalijua neno nililoliacha. Mwezi mmoja umekwisha kuandama tangu barua yangu ya mwisho iwafikie. Ukiandama wa pili nami nimekaa kimya, Mosi yuko huru.

Najua utasema nimerukwa na akili. Fikiri basi. Milango ya maji ya Bwana Nasor ni mbao nzito, bamvua likija na maji kujaa kupita kawaida, mtu anavuta kwa mikono miwili na bado anaomba msaada. Kazi hiyo imekwisha. Lakini si hilo. Bwanausi, mimi sasa nakula kwa mkono wa kushoto. Mkono wa chooni ndio mkono wa kinywani. Nitakaaje kwenye sinia moja na mama yangu, na kaka, na wageni wa Idi? Nitauingiza mkono huo kwenye wali wao? Jana nesi ameniletea ugali, nikageukia ukutani kula kama mwizi. Mosi ana miaka ishirini na mitano. Atapata mtu mzima wa viungo.

Jambo la fedha limekwisha kushughulikiwa, kwa hiyo roho yangu imetulia upande huo. Alipita karani wa malipo wodini, akasema mgambo waliojeruhiwa watapata posho ya kupelekwa nyumbani, kwa sababu sisi hatuna mshahara wa jeshi. Akaniuliza jina la wa kupokea, akajaza fomu yake, nikaweka kidole, akaenda kitanda kingine. Angalau Miza atakula. Hilo ni la serikali na serikali, halina salamu ndani yake.

Niapie, kisha unijibu.

Kitwana


Bagamoyo
12 Februari 1979

Baba Miza,

Barua yako ya tarehe nane Januari ilitufika, na kidogo nilicheka, na nikakusamehe nusu. Nusu ya pili niliiweka ya ukirudi. Tangu hapo kimya.

Mwezi wa kwanza umeandama nikiwa na nguvu. Nikasema barabara, matope, umeniambia mwenyewe. Maulidi yamesomwa Ijumaa, mji mzima umejaa watu na dufu, na mimi nimekaa ndani nikawasikilizia kwa mbali. Nilipotoka kununua mafuta ya taa Mardhiya wa nyumba ya pili akanishika mkono na kuniambia "pole". Pole ya nini? Nikamuuliza hivyo hivyo, pole ya nini, na nikauvuta mkono wangu. Redio inasema tunasonga mbele. Haisemi nani na nani.

Bwana Nasor amemwita Dadi. Amesema mwisho wa mwezi huu, kama hakuna neno kwamba uko hai na uko kazini, nafasi ya milango ya maji ataiandika kwa Kibwana, aliyekushikia, kwa sababu hawezi kulipa watu wawili kwa mlango mmoja. Amesema ameshavumilia. Mimi simlaumu sana. Mshahara ukikatika nitasuka makuti kama Tatu. Lakini huo mwezi wa pili, Kitwana, huo sina cha kuusukia.

Jana usiku wa kuamkia leo nililia mbele ya mama, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikamwambia sababu uliyoniandikia, ile ya miaka saba. Alinifuta machozi kwa kanga yake. Kisha akasema, nami nakuandikia neno kwa neno kwa sababu ameniagiza:

"Mwambie mwanangu, nani kampa habari kwamba nilitaka kufunguliwa? Walinijia wachumba wawili, mmoja ana duka. Kadhi alikuwapo, ningekwenda angenifungua kwa siku moja. Sikwenda. Nilikuwa namngoja mume wangu kwa sababu nilitaka kumngoja. Ile miaka ilikuwa yangu. Kwenye harusi nilisita mlangoni kwa sababu viatu vilinibana."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kisha akacheka, kisha akalia, tukalia wote.

Hukuniuliza mimi, na hukumuuliza yeye. Umetuamulia wote wawili ukiwa umevaa buti.

Kama unaisoma hii, uko hai. Kama uko hai na unanyamaza, basi kuna kitu unakificha, na ninakujua, ni kitu cha kijinga. Sema.

Mkeo,
Mosi


Kikosini
20 Februari 1979

Kwa Kitwana,

Barua hii ya Mosi imefika huku kwa jina lako. Sikuifungua. Naituma ilivyo, ndani ya yangu.

Kiapo nimekiapa, kwa sababu uliniomba ukiwa mgonjwa, na sikujua mtu mgonjwa anaweza kuomba kitu kibaya kiasi hicho. Nimekishika. Sijaandika Bagamoyo wala Mlingotini. Lakini hukuniapisha nisikutukane wewe, kwa hiyo leo nakutukana.

Wewe ni mpumbavu, Kitwana. Mimi ni mkwezi. Nikikatwa mkono mimi, hakuna mnazi utakaonijua tena, na tajiri sina, na nusu mshahara sina. Hata hivyo naapa, wakinikata yote miwili nitarudi Mlingotini nikitambaa, nikamwambie Tatu, "Nilishe." Na atanilisha huku ananitukana, na kijiji kizima kitasikia. Unadhani watu wanaoana kwa ajili ya mikono?

Unaona haya ya sinia. Hapa jana tumekula wanane kwenye kifuniko cha pipa, mmoja anakula kwa kijiti, mmoja kwa kofia yake. Hakuna aliyeuliza mkono wa nani umetoka wapi.

Mwezi unaandama wiki ijayo. Sijui barua hii itakufika lini. Ikikufika mapema, mwombe huyo Mpangani wako akuandikie simu ya upepo, maneno mawili tu, "Niko hai." Fedha ya simu omba, kopa, uza viatu.

Shati silitaki. Nataka akili zako zirudi.

Bwanausi


Hospitali, Mwanza
1 Machi 1979

Mosi binti Sadallah,

Sikuandika "mke wangu". Sina haki hiyo tena. Jana jioni nimeuona mwezi kutoka dirishani, mwembamba, na ni wa pili.

Leo asubuhi ndiyo imenifika barua yako, ndani ya barua ya Bwanausi. Siku moja, Mosi. Ingefika jana ningeuza blanketi la serikali nikapiga simu.

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Ni mkono wa kushoto. Wa kulia hauko, umebaki huko mbele. Hicho ndicho kitu cha kijinga nilichokuwa nakificha. Niliona haya kula mbele yako. Nilitaka upate mtu mzima. Nikajiona mwema, tena mwema sana, nimelala kitandani naungojea mwezi ukufungue, na wewe huko unaungojea kama mtu anayengoja kisu.

Mwambie mama nimeyasikia ya viatu.

Bwana Hamoudi anasema ndani ya eda naweza kukurejea kwa neno tu. Lakini nikurejee kwa uso gani? Nimekuacha mara ya kwanza bila kukuuliza. Sitakurejea bila kukuuliza. Ukisema hapana, ni haki yako, na posho itaendelea kuja kwa ajili ya Miza.

Kidole kinauma. Nimeandika tangu alfajiri.

Kitwana


Bagamoyo
2 Machi 1979

Kwa Kitwana Mwishehe, Wodi ya Majeruhi, Hospitali, Mwanza

Mume wangu,

Soma tena hapo juu. Mume wangu. Nimeandika pole pole ili wino ukauke vizuri.

Sasa nakupa habari kwa mpangilio, maana najua umelala hapo umejizika mwenyewe.

Jumanne jioni watu walitoka kutazama mwezi. Kulikuwa na wingu zito upande wa bara, haukuonekana. Nikapata siku moja ya bure. Jumatano hapakuwa na ujanja, uonekane usionekane, siku thelathini za mwezi zilikuwa zimetimia. Tangu asubuhi sikula. Mama alikuwa na tasbihi. Kaka Dadi akaja baada ya adhuhuri, akaingia chumba cha uani, akafunga mlango kwa komeo. Nikadhani anangoja jua lizame ili anisomee talaka yangu. Nikaenda kugonga, nikiwa nimechoka kuogopa, nikamwambia, "Shemeji, kama una la kusema, sema sasa." Akajibu akiwa ndani, "Sina. Nimejifungia nisiuone huo mwezi. Watafute shahidi mwingine." Mtu mzima, Kitwana, na ndevu zake, amekaa gizani kwenye magunia ya nazi ili macho yake yasishuhudie! Nilikaa chini pale mlangoni. Nilimsengenya mtu huyu kwako kwenye barua. Nimemwomba radhi, akasema, "Haya," basi.

Alasiri haijaingia akaja mjumbe kutoka kwa mshauri wa mgambo. "Mke wa Kitwana Mwishehe anaitwa ofisini." Mardhiya alisikia dirishani, akaanza kupiga mayowe kabla mimi sijavaa viatu. Mama akashika kanga yangu, na Dadi akalifungua komeo. Tulikwenda watatu. Njia ile naijua tangu utoto, sikuiona.

Karani alikuwa na fomu. Akasoma: "Kitwana Mwishehe, mgambo, majeruhi, yuko hospitali Mwanza, yu hai." Hapo "yu hai" mama alikaa sakafuni. Akaendelea: "Ameomba posho yake ilipwe kwa mke wangu, Mosi binti Sadallah wa Bagamoyo." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Nani kasema mke wangu?" Akasema, "Yeye mwenyewe, mama. Sisi tunaandika mtu anavyosema." Akanigeuzia karatasi, na chini yake nikaona kidole chako.

Sikungoja hela. Nilikimbia kwa sheikh, na Dadi nyuma yangu ameibeba ile karatasi na karani nyuma ya Dadi anaidai. Jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi. Sheikh alikuwa anatawadha. Akasoma akiwa na miguu majini. Akauliza, "Jina la Mosi limetoka kwenye ulimi wa nani?" Dadi akasema, "Wa mdogo wangu." Akauliza, "Kidole cha nani?" Dadi akasema, "Chake." Akauliza, "Mwezi uko wapi?" Wote tukageuka kutazama magharibi, na mbingu ilikuwa tupu, nyekundu. Sheikh akasema, "Basi neno limefika. Mwenye mke ana mke wake. Na mwenye ofisi arudishiwe karatasi yake." Nilikuwa bado naitazama mbingu ulipotoka, mwembamba kama ukucha. Sijapata kuuona mwezi mzuri kama ule.

Bwana Nasor nimemtumia salamu. Kazi ya milango amempa Kibwana, lakini amesema chumvi inahitaji pia mtu wa kusimamia vibarua, na kwa hilo hahitaji mikono bali sauti, na sauti yako anaijua.

Ndiyo, najua. Karani hakutaka kunisomea mstari wa majeraha. Akaufunika kwa kiganja. Lakini chini palikuwa pameandikwa "dole gumba la kushoto". Wewe barua ya kuniposa uliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kujivuna, wenye mikia. Mtu kama huyo haweki dole gumba, tena la kushoto, kama wa kulia upo. Pale pale nikajua kwa nini umenyamaza. Nikakuona umegeukia ukutani na sahani yako.

Miaka yote niliyokuandalia, Kitwana, umewahi kuniona nakuchagulia mkono?

Jumatatu tunaondoka mimi na kaka Dadi, kwa lori hadi Msata, kisha Chalinze, Morogoro, na treni mpaka huko. Nauli ni posho yako. Kidogo nimempelekea Tatu, usiulize kiasi gani. Miza atabaki na mama. Ukiona tumechelewa, laumu treni. Wewe tulia kitandani na usimwachie mtu yeyote neno lolote.

Jana asubuhi nilirudi ofisini kupokea. Karani akanisogezea kalamu, akasema, "Mama, wewe umesoma, tia sahihi hapa." Nikamwambia aniletee wino. Akasema wino ni wa wasiojua kuandika. Nikamwambia, "Lete." Nikachovya dole gumba langu la kushoto, nikaliweka pembeni ya lako, likagusana nalo.

Mkeo,
Mosi